Chelangat na rula ya mto Turkwel

Saa kumi na mbili asubuhi, Chelangat anavua akala zake, anakunja leso hadi magotini na kuingia mtoni. Anainama mbele ya nguzo ya mbao yenye alama za sentimita, ambayo watu wa Lodwar wameibatiza rula ya mto.

"Sitini na mbili!" anapaza sauti.

"Sitini na mbili," anaitikia Losike, mchungaji wa ngamia, akiwa ukingoni. Ndipo Chelangat anapoandika daftarini na kukituma kipimo kwa simu.

Leo ni siku ya 365 ya kupima. Kituo kidogo cha umeme wa maji kinapangwa kujengwa hapa, lakini wataalamu walitaka kwanza vipimo vya mwaka mzima, wajue kama mto unaweza kuzungusha mtambo hata wakati wa kiangazi. Siku moja ikikosekana, kazi inaanza upya.

Chelangat, 41, alihamia huku kutoka Kericho na huuza chapati sokoni. Kazi ya kupima mto humpa shilingi 400 kwa siku. "Watu walinicheka. Eti mama mzima ameandikwa kazi ya kuangalia maji!"

Mwezi wa nne wa kupima, nusura yote yaharibike. Asubuhi moja, jua likiwa kali kwa wiki kadhaa, rula ilionyesha mto umepanda sentimita thelathini. Chelangat alituma kipimo, akakimbilia kanisani kutangaza, na waumini wakaimba mpaka jasho likawatoka. Kisha Opondo, mhandisi anayepokea vipimo, akapiga simu: huko juu mto unakotoka hakujanyesha hata tone.

Akarudi mtoni kuikagua nguzo. Kumbe jioni iliyotangulia Losike aliing'oa nguzo amfungie ngamia wake, kisha akairudisha kwa kuizamisha zaidi mchangani, maji yakafika alama za juu.

"Mimi nilirudisha vizuri kabisa. Ata ilisimama nguvu kuliko ya kwanza," Losike anajitetea, na Chelangat anacheka hadi anashika mbavu. Bahati nzuri Chelangat alikuwa amepaka alama nyingine kwenye mwamba. Akapimia hapo, siku ikaokoka. Tangu hapo Losike ndiye mlinzi wa rula, na hakuna anayeigusa.

Simu inalia. Ni Opondo.

"Mama, mwaka umetimia. Maji yanatosha. Wiki ijayo tunakuja kuchagua mahali pa kuweka mtambo."

Chelangat anapiga vigelegele akiwa bado majini. Umeme ukifika atanunua friji, auze maji baridi pamoja na chapati.

"Glasi ya kwanza ni yako, Losike."

"Na ngamia yangu?"

"Huyo atakunywa hapa hapa mtoni," anasema Chelangat, "na utamfunga kwa mti!"