Vyakula Kumi na Viwili na Kiti Kimoja

Baba mkwe wangu alisomea kilimo Poland alipokuwa kijana. Alikaa miaka mitano, akarudi Bukavu na diploma, koti zito ambalo mji wetu haujawahi kupata baridi ya kulistahili, na lugha ambayo hakuwa na mtu wa kuizungumza naye. Aliitumia kuhesabia miche na kuwatukania mbuzi walioingia shambani. Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akitaja chakula cha huko. Kisha, mwaka aliotimiza sabini, jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, tukiwa mbele ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, aliweka tonge chini akasema:

"Noeli ya mwaka huu tutakula kama kule."

Mama mkwe hakuinua macho. "Kule wapi?"

"Poland. Jioni ya kuamkia Noeli. Vyakula kumi na mbili, bila nyama. Na kiti moja bila mutu."

"Kiti iko," alisema mama mkwe. "Nyama haiko. Basi tuko tayari."

Akanigeukia mimi. Nilijua angenigeukia, kwa sababu mimi nauza mboga katika soko la Nyawera, na nyumbani kwetu Nguba kitu chochote chenye jani au mzizi huhesabiwa kuwa changu. Mume wangu alikuwa kazini Kalemie na hakupata ruhusa mwaka ule. Nafikiri aliiomba kwa sauti ndogo.

Wiki iliyofuata baba mkwe alikuja mwenyewe kwenye meza yangu sokoni, amevaa lile koti. Alitaka kuchagua kabichi, ambazo sisi tunaziita shu. Zangu zinatoka Mudaka. Wamama huziteremsha asubuhi sana, zikiwa bado na umande. Aliziminya moja moja, akazigonga kwa kidole kama mlango, akaweka sikio. Mteja mmoja alikuwa amesimama karibu naye, mama aliyetaka shu ya kupika jioni ile ile.

"Maman, usiipike leo," baba mkwe alimwambia kwa upole. "Ikate mufupi-mufupi, utie chumvi, uweke jiwe juu, ungoje wiki tatu."

"Wiki tatu, Papa? Na batoto watakula nini?"

"Watangoja."

Yule mama alinitazama, akamtazama tena yeye, kisha akahamia meza ya jirani. Mpaka saa sita baba mkwe alikuwa amewaeleza watu wengi faida ya kuchachusha, na mimi nilikuwa nimeuza shu kwa mtu mmoja tu, naye ni yeye. Miaka yote nimekuwa nikiapa mbele ya wateja kwamba mboga zangu hazijaanza kuchacha. Sasa mzee wa nyumbani kwangu alikuwa akiwaambia kwamba kuchacha ndiyo sifa yenyewe.

"Muache akuye kila siku," alisema jirani yangu wa meza. "Mimi leo nimeuza kuliko Jumamosi."

Nyumbani tulijaza ndoo mbili. Moja ya shu na chumvi, na jiwe la kusagia juu yake. Nyingine ya beterave, yaani bitiruti, zilizokatwa na kufunikwa maji, pamoja na vitunguu saumu, mpaka maji yakawa mekundu na kuanza kutoa povu. Tuliziweka kwenye kolidori, na kwa wiki tatu nguo zetu zote zilinuka kama mtu aliyelala ndani ya kachumbari. Mama mkwe alianza kwenda misa ya asubuhi, ile yenye watu wachache.

Harufu ilifika barabarani. Siku moja shefu wa avenue yetu, mwenye jukumu la kujua kila kinachoendelea kwenye nyumba za mtaa, alipiga hodi akiwa na daftari lake. Alikuwa amesikia kwamba tumefungua baa ya kasiksi, pombe ya ndizi, bila kibali.

"Hapana, shefu. Ni shu," nilimwambia.

Aliomba kuonja. Nilimchotea maji ya beterave kwenye kikombe. Aliyaweka mdomoni, akakaa nayo kwa muda kama mtu anayesikiliza habari za msiba, akameza.

"Pombe yenu imeshindwa," alisema, na akaandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Mambo yangeishia hapo. Lakini baba mkwe alifurahi kupata msikilizaji, akamkalisha na kumweleza yote: vyakula kumi na viwili, kila kimoja kwa mwezi mmoja wa mwaka unaokuja, nyota ya kwanza, ambayo kabla haijaonekana hakuna anayegusa kijiko, na kile kiti. "Tunakiacha kwa mugeni asiyetarajiwa," alisema. "Yeyote atakayebisha jioni ile, anakaa, anakula kama mutoto wa nyumba."

Shefu alifunga daftari taratibu. "Yeyote?"

"Yeyote."

Kazi ya shefu wa avenue ni kutangaza. Sina la kumlaumu.

Siku mbili kabla ya Noeli baba mkwe alileta samaki hai kutoka kwa wavuvi wa ziwani, tilapia mkubwa, akamtia kwenye beseni tunaloogea. Alisema kule hufanya hivyo, samaki hukaa bafuni mpaka siku yake. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu Jumatatu, kwa hiyo samaki alikuwa ndani ya akiba yetu yote, na sisi tulienda kuoga kwa majirani na taulo mabegani. Mama mkwe alimwamkia kila asubuhi akipita. Nilidhani ameanza kumpenda, nikaogopa nani atamchinja. Siku ilipofika alimkata kichwa mwenyewe, bila hata kumuaga, akachota maji yaliyobaki akafulia.

Mchana wa tarehe ishirini na nne nilikaa na baba mkwe jikoni tukitengeneza perogi. Ni kama sambusa, ila huchemshwa na umbo lake ni la nusu mwezi. Ndani tulitia viazi na vitunguu, nyingine shu iliyochacha na uyoga. Nilishangaa vidole vyake vinavyojua kubana kingo za unga. Mtu huyu hata chai hakuwahi kujichemshia mbele yetu.

"Papa, nani alikufundisha?"

"Maman mumoja wa kule," alisema. Mwaka wa kwanza, alieleza, wanafunzi wote walienda makwao kwa Noeli na jiko la shule likafungwa. Alikuwa na mkate na chai. Jioni alitoka kutembea ili asisikie ukimya, theluji ikawa nyingi, akabisha mlango wa kwanza wenye taa ili aulize njia. "Nilitaka njia tu. Hata salamu yao sikuijua vizuri. Waliniangalia, kisha wote wakasimama pamoja, wakanionyesha kiti. Sahani ilikuwa imekwishawekwa. Mimi nikafikiri wamenifananisha na mutu mwingine." Alibana perogi moja, akaikagua. "Nilikula nikiogopa kwamba mwenyewe atafika."

Nilimsogezea unga.

Saa kumi na moja na nusu meza ilikuwa tayari. Supu nyekundu, samaki wa kukaanga, dagaa wetu sambaza waliolazwa kwenye siki na vitunguu mahali pa samaki mwingine ambaye ziwa letu halimjui, perogi za aina mbili, shu na njegere, maharagwe, viazi, uyoga, saladi ya karoti na puaro, vile vitunguu vya majani, ngano ya kuchemsha yenye asali na ufuta, na mchuzi mtamu wa matunda makavu. Ilitosha watu sita, tukibana matumbo. Tulikuwa watatu, na kile kiti.

Saa kumi na mbili kasoro walianza kufika. Wa kwanza alikuwa shefu mwenyewe, na mke wake, na dada ya mke wake.

"Papa, tumekuja kwa kiti," alisema shefu.

Baba mkwe alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Shefu, wewe nilikutarajia."

"Ulinitarajia?"

"Tangu siku ile. Kiti ni ya asiyetarajiwa. Chukua ingine."

Basi wakachukua vingine. Waliofuata aliwahoji mlangoni mmoja mmoja: "Ulijua kuna kiti?" Wakijibu ndiyo, wanatarajiwa, waingie wakae kwenye benchi. Mabenchi tuliyaazima parokiani. Mmoja alijaribu kusema hakujua, lakini alikuwa amekuja na sahani yake. Kufikia saa kumi na mbili na nusu sebule ilijaa mpaka dirishani, watu wamesimama wamebanana, na katikati yao kiti kimoja kitupu, ambacho hata mama mjamzito hakuruhusiwa kuegemea. Tulimpa stuli ya jikoni.

Hakuna aliyeweza kula, kwa sababu nyota haikuonekana. Ni Bukavu, ni Desemba. Mawingu yalikuwa yamekalia milima na mvua ilikuwa inanyesha. Baba mkwe alisimama barazani na mwavuli akitazama juu. Supu ilipoa, nikaipasha moto, ikapoa.

"Papa," alisema jirani yetu mfanyabiashara, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Uvira, "kwani ni lazima uione kwa macho yako?"

"Lazima ionekane."

"Haukusema na nani." Akatoa simu, akampigia dada yake Uvira, akaweka sauti ya wazi ili wote tusikie. "Dada, toka inje. Angalia juu. Unaona nini?"

Tulisikia mlango, kandambili, kimya. "Niko naona nyota," ilisema simu. "Ni nyingi. Kuna shida gani?"

Watu wakamgeukia baba mkwe. Yeye akamgeukia shefu, kama kwa hakimu. Shefu alijikohoza. "Uvira iko ndani ya province yetu," alisema. "Nyota yake ni yetu pia."

Bado hatukula. Kwanza kulikuwa na kipande chembamba cha mkate wa misa ambao haujabarikiwa, ambacho baba mkwe alikiomba kwa watawa. Kila mtu humega cha mwenzake na kumtakia mema ya mwaka. Kule, nadhani, watu husema maneno mawili. Sisi hatujui kusema maneno mawili. Shefu peke yake alinitakia afya, biashara, watoto, mvua ya kiasi, na barabara nzuri ya Mudaka, kisha akahamia kwa mwingine. Mahali fulani katika zile heri watu wawili waliokuwa hawasemeshani tangu ugomvi wa mfereji walijikuta uso kwa uso na mkate mkononi, wakamegeana kwa sababu foleni ilikuwa inawasukuma.

Tulipogawa chakula, kila mtu alipata kijiko kimoja cha kila kitu, na wa mwisho hawakupata vyote. Mtu mmoja aliyekosa chakula cha saba alinifuata mpaka jikoni.

"Maman, na mimi mwezi wa saba nitakuwa wapi?"

Nilimpa karoti mbichi. Alishukuru sana.

Mama mkwe aliingia na sinia ya bugali inayofuka moshi. Baba mkwe alishtuka. "Hiyo itakuwa chakula cha kumi na tatu."

"Bugali si chakula cha kuhesabu," alisema. "Bugali ni bugali." Hakuna aliyeweza kumpinga, na kuanzia hapo watu walianza kushiba.

"Karamu ya Noeli ya kwanza ninayokula bila kuuliza nani alichinja," alisema yule mzee wa Uvira, akachukua sambaza tena.

Hapo ndipo mlango uligongwa. Alikuwa motari, mwendesha pikipiki ya abiria, kijana wa watu, koti la mvua linatiririka. Alitaka tu kujikinga barazani. Sebule nzima ikamgeukia.

"Ulijua kuna kiti?" aliuliza baba mkwe. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kiti gani, Papa?"

Watu wote walisimama. Wengine walipiga makofi, mmoja alipiga kigelegele. Motari alirudi nyuma hatua mbili; baadaye alituambia alifikiri ni kesi, na amekwishahukumiwa. Walimvua koti, wakamkalisha, wakamwekea sahani iliyokuwa imefunikwa muda wote ule. Alikula akitazama mlango.

Alipofika kwenye supu alikumbuka. "Abiria wangu iko inje," alisema.

Abiria alikuwa mama aliyetoka sokoni na kuku mkononi. Naye hakujua lolote, lakini kiti kilikuwa kimoja. Baada ya mashauriano walikikalia wote wawili, nusu kwa nusu, na kuku akawekwa chini yake. Baba mkwe alisumbuka kidogo kwamba nyama imeingia.

"Iko hai," alisema mzee wa Uvira. "Haijakuwa nyama bado."

Baba mkwe alikubali. Nilimwona akizunguka nyuma ya kile kiti, akimsogezea motari chumvi, kisha maji, kisha chumvi tena. Motari hakuipenda beterave, akasema wazi. Baba mkwe alicheka mpaka akajifuta macho. "Mimi pia, mara ya kwanza," alimwambia. "Mimi pia."

Asubuhi yake alichelewa kuamka. Mimi na mama mkwe tulirudisha mabenchi, tukaosha sahani ambazo nusu yake hazikuwa zetu, tukakaa jikoni. Chini ya jiwe kulikuwa kumebaki shu kidogo. Mama mkwe aliikaanga kwa mafuta ya mawese na pilipili, akala na bugali baridi. Akaongeza. Akaongeza tena.

"Kesho ukienda sokoni," alisema akikwangua sufuria, "chagua nne za Mudaka, kubwa. Na usimuambie Papa. Ataanza kualika."