Haiepuliwi Mpaka Mzee Aonje

Mzee Msellem wa Shela, Malindi, alikuwa na sheria moja katika jiko lake la halua, na sheria hiyo ilikuwa nzito kuliko sufuria zake za shaba: halua haiepuliwi mpaka aonje yeye. Iwe imeiva, kuni za mvinje ziwe zimebaki majivu, mtu haepui. Mzee yuko msikitini? Itamngoja. Mzee yuko dukani kwa Jamnadas, anabishana bei ya iliki na kumaliza siasa za ulimwengu mzima? Itamngoja vilevile. Wapishi watakoroga taratibu isije ikashika chini, jasho likiwatiririka, mpaka wasikie bakora yake ikigonga kizingiti.

Wala si kwamba alikuwa na kiburi. Jiko alilirithi kwa baba yake, aliyemfundisha tangu utotoni kujua wanga umeiva kwa kuutia ulimini tu. Ulimi ule ulisifika kutoka Mambrui mpaka Kilifi. Watu walisema ukimwekea Msellem kipande cha halua ya jikoni kwa mtu mwingine, atakutajia samli ilinunuliwa duka gani. Walizidisha, lakini si sana. Alioa kwa ulimi huo, akasomesha watoto kwa ulimi huo.

Basi miaka hii ya karibuni mambo yakaenda mrama. Oda zikawa zinachelewa. Halua ya nikaha inafika wageni wamekwisha kunywa kahawa na kutafuta viatu vyao. Wateja wakaanza kumhama, wakaenda kwa mpishi mmoja mpya wa Mtwapa, ambaye halua yake yatafunwa kama kandambili, lakini yafika kwa wakati. Mwisho Bi. Afiya wa Mambrui, mteja wa jiko lile tangu enzi za baba, naye alikuwa anaoza mwanawe, akatuma maneno laini yenye ncha: safari hii ikichelewa, itakuwa ndiyo basi. Na Bi. Afiya akihama, Mambrui nzima imehama. Msellem alilijua hilo, na usingizi ukampaa.

Sahla, kitinda mimba wake aliyesomea biashara Mombasa, akamwomba ruhusa alitazame jiko, ajue linakwama wapi.

"Tazama, mwanangu," Msellem akasema. "Hawa wapishi wamelegea. Na sukari ya siku hizi haina utamu, kila sufuria lazima niwaambie waongeze."

Sahla akasogeza kuni karibu na meko, akahamisha meza ya kufungia mlangoni, akanunua na sufuria ya pili. Msellem akapita akitabasamu, akigusa kila kitu kwa bakora. Oda zikachelewa kama kawaida. Zamani ilikuwa ikingoja sufuria moja, sasa zikawa zinangoja mbili.

Ndipo binti akatwaa kigoda, akaketi pembeni siku nzima akiangalia. Jioni akamfuata baba yake barazani.

"Baba, uniwie radhi. Kuni hazina kosa, wala wapishi hawana kosa. Sufuria zakungoja wewe."

"Mimi?" Msellem alimkodolea macho kama aliyetukanwa mbele ya wakwe. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hupenda kuambiwa avue nguo aipekue? Alinyanyuka akaenda kulala bila kula, huku akinung'unika kwamba chakula chenyewe kimekuwa hakina ladha siku hizi.

Siku ya oda ya Bi. Afiya aliamua kumwonyesha. Alikaa jikoni tangu alfajiri, asiende popote, ili sufuria isimngoje hata kidogo. Halua ilipoanza kung'aa na kuachana na sufuria, alichota kwa ncha ya mwiko, akapuliza, akaonja.

"Ongezeni sukari kata mbili, kisha mwepue."

"Sawa, Mzee," akajibu Nzai, mpishi mkuu, mtu wa Kakoneni aliyekuja jikoni pale kijana na sasa ana wajukuu.

Msellem akatoka roho yake nyeupe. Alipofika njiani akakumbuka miwani yake, akarudi. Hakugonga kizingiti, maana hakuwa amekuja kuonja.

Alimkuta Nzai akiirudisha ile sukari guniani. Kata ya kwanza, kisha ya pili. Wenzake walikuwa wameshaanza kuepua, kwa mwendo wa watu waliozoea.

"Nzai! Wafanya nini?"

Kata ikamponyoka Nzai mkononi.

"Nimekuoza mke mimi, Nzai. Leo wanidharau jikoni mwangu?"

"Mungu aniepushe, Mzee." Machozi yalikuwa yameshamjaa. "Sukari imetosha. Kila siku huwa imetosha. Tangu mwaka juzi twangoja uje uonje, kisha twangoja uende zako, ndipo tuepue ilivyo. Ukikaa na kupiga soga, twakoroga tu. Tungekwambiaje? Wewe ni baba yetu."

Sahla, aliyekuwa kwenye meza ya kufungia, alijishika kinywa. Siku ile ya kigoda alikuwa ameona nusu tu ya jambo. Aliwaona wakimngoja aje, hakujua kwamba wanamngoja pia aondoke. Nusu ya siku ya jiko lile ilikuwa inaliwa na heshima.

Msellem aliisogelea sufuria, akachota, safari hii bila kupuliza, akaweka ulimini. Akasikia moto. Akasikia ulaini. Akaitafuta iliki. Akaitafuta zafarani, akaitafuta samli, akazungusha ulimi huku na huku kama mtu apapasaye kandambili gizani. Hapakuwa na kitu. Akamkumbuka mkewe, alivyomgombeza kwa mchuzi usiokolea, na yule maskini akinyamaza na kumsogezea chumvi. Akajiona mjinga, akajiona yatima, mzee mzima yule.

"Epueni," akasema. Sauti hata yeye hakuijua.

Halua iliepuliwa, ikafungwa, ikaondoka. Ilifika Mambrui mapema hata watandika mikeka wakashangaa. Mchana simu ya Sahla ikalia. Alikuwa Bi. Afiya, naye binti akaifungulia sauti jikoni wote wasikie.

"Halua imefika, na ni tamu, mashallah! Mwambieni Msellem mkono wake haujachuja."

Nzai akainama upesi kwenye simu. "Atakuambia mwenyewe, mama. Yuko hapa, ndiye aliyeonja."

Msellem alishtuka kuliko alivyoshtuka asubuhi. Wanaanza tena! Mbele yake, mchana kweupe, kwa mapenzi yale yale. Akaikwapua simu.

"Afiya, sikuonja. Nilionja, lakini sikusikia kitu. Ulimi wangu umekufa, sijui lini. Hiyo ni halua ya Nzai, na zote ulizokula tangu mwaka juzi ni za Nzai. Kuanzia leo yeye ndiye aepuaye. Kama wahama, hama."



"Nihame niende wapi?" Bi. Afiya akasema, na ile sauti yake ya harusi ilikuwa imeshuka. "Msellem ndugu yangu, sisi twajua."

"Mwajua? Nani?"

"Mambrui nzima. Arubaini ya marehemu mume wangu, wasichana walikosea wakatia chumvi kwenye chai, birika zima. Ukumbi wote ulitema. Wewe ulimaliza kikombe, ukasema sukari imepungua kidogo, ukaomba cha pili."

Msellem aliishika meza. "Nanyi mkafanyaje?"

"Tukakutilia cha pili."