Neno Nililoliruka Kumtafsiria Babu

Barua ya mistari sita mimi huiandika mara nne, na ya nne bado hainiridhishi. Shule niliiachia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari na kamusi isiyo na jalada. Kwa hiyo babu alipopelekwa hospitali ya misheni, miaka ya themanini, nilichaguliwa mimi nikamsemee.

Haikuwa Kiingereza peke yake. Kwetu Ukambani mtu hamuulizi baba yake habari za mkojo. Mjukuu anaweza, hasa aliyepewa jina la babu. Babu aliniita rika, na nyanya aliniita mume wangu, akinigombeza nisipomletea ugoro. Baba akabaki nyumbani Tawa na mbuzi, tukaenda watatu: babu, nyanya na mimi.

Tangu mvua za vuli babu alikuwa akisimama nyuma ya ghala mpaka chai yake ipoe, atoe matone. Kisha mkojo ukaziba kabisa. Zahanati ikamtia mpira wa kutolea mkojo na mfuko wa kufunga pajani. Mzee aliyezoea kufungua ibada kwa maombi akaacha kwenda kanisani, akiogopa kunuka. Tulijua ni tezi iliyo chini ya kibofu, imevimba. Lakini jirani yetu mmoja alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa huohuo, akarudi amekonda hata mbwa wake akambwekea. Babu aliapa kufa na tumbo lake zima.

Daktari alikuwa mgeni, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Alieleza polepole, nami nikatafsiri kwa Kikamba: ataingiza chombo chembamba kupitia njia ya mkojo, na waya wenye umeme utakwangua tezi kwa ndani, kipande kwa kipande. Tumbo haliguswi. Sindano ya ganzi mgongoni, kisha siku chache wadini.

Babu akainua kichwa. “Anaingilia mlangoni? Hapasui gogo?”

“Hapasui.”

“Basi huyu anachonga mzinga. Muulize anajuaje pa kuachia kabla hajatoboa ukuta.”

Maisha yake yote babu alikuwa akichonga mizinga ya nyuki. Nilipomtafsiria, daktari alicheka, akasema kujua pa kuachia ndiyo kazi yenyewe.

Kisha akaongeza jambo. Baada ya matibabu haya, mara nyingi mbegu za mwanamume hazitoki nje tena. Hurudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Nguvu zenyewe kwa kawaida hubaki. Nilielewa kila neno. Nikamgeukia babu nikasema, “Anasema utakunywa maji mengi.”

Niliogopa angeinuka aondoke. Babu akatia kidole gumba kwenye fomu.

Mimi nisiyesamehe koma iliyokaa vibaya, nilikuwa nimeondoa sentensi nzima katika mwili wa mtu mwingine. Nilikaa karibu na kamba za kuanikia shuka nikajaribu namna tano za kuanza. Alasiri nikarudi wadini. Nyanya alikuwa miguuni pa kitanda, na nilivyomngoja aondoke hakuondoka.

“Babu, kuna neno nililoliruka.”

“Najua. Mzungu alisema maneno marefu, wewe ukatoa maji ya kunywa.”

Nikamweleza, macho yangu yakiwa kwenye blanketi.

“Lakini inasimama?”

“Anasema kwa kawaida, ndiyo.”

“Rika, nina watoto tisa. Mbegu ziende zinakotaka. Ila wa kuulizwa si mimi. Umemwambia mke wako?”

Mke wangu, yaani nyanya, alikuwa akimenya chungwa. “Mume wangu,” aliniambia, “jambo kama hili ungeanza nalo kwangu. Huyu mwache achongwe. Nimechoka kwenda kanisani peke yangu kama mjane.”

Babu akanituma kwa daktari. “Mwambie asubuhi nilikubali nusu. Sasa nimekubali.”

Niliungama kwa Kiingereza kilichojaa makosa, na kwa mara ya kwanza sikurudi nyuma kuyasahihisha. Daktari akaja mwenyewe na fomu mpya, akarudia kila kitu, na babu akatia kidole tena.

Matibabu yalifanyika kesho yake. Mkojo ulikuwa mwekundu kwa siku mbili, kisha ukafifia. Siku mpira ulipotolewa, babu aliingia chooni nami nikasimama nje ya mlango. Kwanza kimya. Halafu nikasikia maji yakigonga ndoo ya kupimia, mfululizo, bila kukatika.

“Unasikiliza?” aliuliza kutoka ndani.

“Hapana, babu.”

“Sikiliza. Na mwite mke wako naye asikie.”

Nikaenda kumwita.