Mawe Saba ya Njia ya Baiskeli Usangu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya upimaji mjini Iringa nilitarajia kukabidhiwa darubini ya kupimia pembe. Mpima Mwandamizi, mtu mfupi asiyevua sweta hata adhuhuri, alinikabidhi baiskeli. Kwenye kitovu cha gurudumu la mbele palifungwa kihesabio, kidude cha shaba kinachohesabu mizunguko. Ukizidisha idadi hiyo kwa mzingo wa gurudumu, unapata urefu wa barabara.

"Jaza upepo, kisha pima mzingo," aliniagiza. "Jua likipanda, upime tena. Tairi likipata joto hutanuka, na kilomita zako zitapungua bila wewe kujua."

Nilimwuliza kama tofauti ndogo namna hiyo ina uzito wowote.

"Hapa hatukadirii, bwana mdogo. Ukitaka kukadiria, nenda sokoni Igowole ukauze viazi kwa fungu."

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Mbeya, chini ya Mkuu wa Upimaji ambaye imani yake yote ilikuwa katika bikoni, yaani jiwe la zege linalozikwa hadi shingoni na kupakwa chokaa ili liwe alama ya kudumu. "Kipimo kisicho na jiwe ni porojo," alizoea kusema. Nilizika mawe yake katika viwanja vya Mbalizi na katika mashamba ya milimani. Nikarudishwa Iringa, nikapelekwa tena Mbeya. Sikukaa kituo kimoja muda wa kutosha kuona mti nilioupanda ukizaa. Mke wangu aliwaambia majirani kwamba nyumbani kwake anafikia mgeni anayefuliwa nguo. Kweli ni kwamba nikikaa wiki mbili bila safari, miguu iliniwasha.

Ndiyo maana, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, niliipokea kwa furaha kazi ambayo vijana waliikwepa: kupima njia ndefu ya waendesha baiskeli kutoka Iringa hadi Mbeya. Njia hiyo ingefuata, kadiri ilivyowezekana, mpaka wa kale kati ya Uhehe na Usangu. Ingepita katika baridi ya Mufindi, ishuke kwenye uwanda wa Usangu, kisha ipande tena Mbeya. Mratibu wa Mradi, mwanamke kijana na makini, alitaka alama kila njia panda. Nami alama niliyoijua ilikuwa moja.

Uwandani, njia ilishika mapito ya ng'ombe kando ya boma la Masanja, mfugaji ambaye baba yake alihamia huko kutoka Usukumani. Masanja alikuwa malishoni. Mkewe, Mama Kulwa, alinipa maziwa ya mgando, akasimama akinitazama nikizika mawe saba meupe. Hakuuliza kitu. Mimi nami sikueleza, kwa kuwa katika utumishi wangu wote sikuwahi kumweleza mtu jiwe.

Siku ya tatu nilirudi kwa kipimo cha marejeo, kwani kila kipande hupimwa mara mbili, kwenda na kurudi, ili makosa yajitokeze. Nilikuta mabati yameezuliwa na miiba ya zizi imesukumwa kando. Jirani yao, aliyekuwa akipepeta mpunga, hakuacha kazi yake.

"Wamehama. Si umewawekea mawe?"

Alinieleza kwamba huko walikotoka watu wale waliona mawe meupe kwanza, na amri ya kuhama ikafuata. Aliyeingoja amri alipoteza mifugo.

Nilifuata nyayo za ng'ombe kwa baiskeli. Niliwakuta kwenye kivuko cha mto, ndama wakiwa wamechoka, Mama Kulwa amebeba sufuria kichwani.

"Masanja, yale mawe ni ya baiskeli," nilisema.

"Baiskeli ya nani?"

"Ya wageni. Watapita tu wakiangalia nchi."

"Ng'ombe wangu wanapita pale miaka yote, bwana mpima, na hawajawekewa jiwe hata moja. Baiskeli ndiyo itapotea?"

Ndugu zake waliokuwa wakiswaga ng'ombe wakacheka. Mimi sikuweza.

"Nikiyang'oa, utarudi?"

"Yang'oe kwanza. Na kwenye karatasi je?"

Niliyang'oa jioni ile ile, kwa jembe la kuazima. Kwa mpima hakuna tendo zito kuliko kung'oa alama. Kesho yake nilikuwa mbele ya Mratibu, ambaye tayari alikuwa na nukta zangu kwenye ramani.

"Mzee, mgeni atajuaje pa kukata kona?"

"Atauliza."

"Asipojua Kiswahili?"

"Atanyoosha mkono. Wenyeji wataelewa."

"Unajua kwamba ripoti haipokelewi bila sahihi yako?"

"Ndiyo sababu sijaisaini, mama."

Aliivuta ramani, akazifuta nukta zote saba, moja baada ya nyingine. Nikasaini.

Masanja alirudi kabla ya mvua. Hakujenga pale pale. Alisogea mbali na njia, na mlango akauelekeza upande mwingine. Sikumlaumu. Kutoka Iringa hadi Mbeya, hicho ndicho kipande pekee ambacho nilikipima kwa usahihi kamili na kukikosea.

Ninyi mnaopima leo mnatumia setilaiti, na hamhitaji kujaza upepo. Sina ugomvi na vifaa vyenu. Lakini kustaafu hakujanituliza: kila kiangazi nasikia hofu kwamba mtu fulani ameipata rasimu ya zamani ya ramani, yenye zile nukta saba, akaenda na chokaa. Basi napanda baiskeli, nashuka Usangu, nakagua mapito yale kwa macho mpaka mwisho.

Mara ya mwisho Mama Kulwa alinipokea mlangoni.

"Leo umekuja kupima?"

"Nimekuja kuwasalimu tu, mama."

Alicheka, akanikaribisha kiti, akaagiza maziwa. Kisha akaupokea mfuko wangu, akaufungua, akaangalia ndani kama mna chokaa.