Magugu ya Watiri

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, hakuna mtu wa Tetu aliyeacha magugu yasimame shambani mwake, isipokuwa Watiri. Kipande chake cha chini, kinachoshuka mtoni, kilikuwa kimejaa kishona nguo hadi magotini, na kila aliyepita hapo alipunguza mwendo atazame.

"Mama Wangechi!" jirani yake Wachuka alimwita siku moja kutoka njiani. "Shamba yako imeota ndevu! Ama unangoja tukuletee wembe?"

"Ni mgongo, Wachuka. Mgongo inanimaliza."

Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Ukweli ni kwamba alikuwa ametoa ahadi. Kijana wa chuo kikuu, Kihara, alifika na chupa zake na wavu mdogo, akamweleza kwamba huenda wadudu wanaojificha kwenye magugu ndio wanaowala wale wanaoharibu kahawa. Alitaka kipande kisichoguswa na jembe mpaka masika yaishe, la sivyo hangemaliza digrii yake. Kwingine kote walimcheka. Watiri alimhurumia. Lakini kuwaambia wenzake kwamba anafuga wadudu? Hapo ulimi ulikataa.

Sasa sikilizeni uongo ule mdogo ulivyomrudia. Wanawake wa pale walikuwa na ngwatio yao, kulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mgonjwa walimlimia bila kuombwa. Asubuhi moja Watiri alipoenda Nyeri kununua mafuta ya taa, walishuka na majembe.

Aliporudi aliwasikia kabla hajawaona, walikuwa wakiimba. Nusu ya kipande ilikuwa udongo mwekundu mtupu. Akaweka debe chini, akateremka mbio, akasimama katikati ya magugu yaliyobaki, mikono ameitanua kama anayezuia ng'ombe.

"Wacheni! Wacheni hapo!"

Wachuka akajiegemeza kwenye jembe. "Ati huyu ndiye mgonjwa? Oneni vile anaruka!"

Basi akawaambia yote, macho chini.

"Na hii dawa ya mgongo nimekuchemshia," Wachuka akauliza, "nipelekee wadudu?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Watiri hakucheka sana.

Kihara alipokuja Jumamosi, alizunguka kipande kile, wavu umelegea mkononi.

"Mama, hii haitanifaa. Lazima nianze upya. Sijui kama kuna mwingine atanikubalia."

"Anza hapa hapa," Watiri akasema. "Safari hii sina mgongo."

Masika yaliyofuata magugu yalirudi, marefu kuliko ya kwanza. Jioni moja Watiri alikuwa akikamua ng'ombe aliposikia kelele kule chini. Mbuzi wa Wachuka alikuwa amekata kamba na kuingia kwenye magugu, na mwenyewe alikuwa akimfukuza kwa fimbo.

"Toka huko, wewe! Hiyo ni masomo ya mtu!"