Roboti Iliyotikisika Yenyewe

Roboti ya kupigana ina shida moja ambayo hakuna video iliyonionya: inahitaji mwenzake.

Yangu niliijenga katika chumba kimoja, ghorofa ya pili, Umoja, kwenye jengo ambalo sikumjua jirani hata mmoja kwa jina. Niliacha shule kidato cha pili. Tangu hapo nimekaa Kayole, Dandora, Tena, na Donholm kwa muda mfupi, kisha nikaja huku. Nimebeba mawe ya mjengo, nimeosha magari, nimefungua simu za watu kwenye kibanda cha rafiki mpaka rafiki akafunga kibanda. Kazi ikinichosha nahama. Mtaa ukinizoea nahama pia. Nilichohama nacho kila mara ni mkebe wa bisibisi na ile tabia ya kutaka kujua ndani ya kitu kuna nini.

Video nilizipata kwenye simu msimu wa mvua, wakati hakuna anayeleta gari lioshwe. Watu wa nchi za mbali walikuwa wakipiganisha mashine ndogo, zinazoenea kwenye kiganja, ndani ya sanduku la plastiki angavu. Mashine moja inapindua nyingine, watu wanapiga kelele, halafu wenye mashine wanapeana mikono na kuinama pamoja kuangalia kilichovunjika. Nilirudia sana hiyo sehemu ya mwisho. Wanaume wawili wameinamia kitu kimoja, wanaonyeshana kwa vidole, wanacheka. Nikasema, hii naweza.

Kiunzi nilikikata kwenye kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Mota, magurudumu na saketi ya kupokea mawimbi nilivitoa kwenye kigari cha kuchezea cha mtumba, pamoja na rimoti yake. Betri ilikuwa ya simu iliyokufa kioo. Mbele niliweka kipande cha bati kilicholala kama koleo la mchanga, kiingie chini ya adui na kumwinua. Nililehemu, nikaharibu, nikalehemu tena. Mara ya kwanza nilibadilisha nyaya za mota moja, roboti ikawa inazunguka mahali pamoja kama kuku aliyegongwa. Sikuwa na wa kumwonyesha, kwa hiyo nilicheka peke yangu, na sauti yangu ikanishtua.

Sheria za zile mashine ndogo zinasema isizidi gramu mia moja na hamsini. Niliipeleka kwa mwenye duka la chini, mzee mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka.

“Hii mizani ni ya sukari,” akasema. “Wewe unaniletea nini, mtego wa panya?”

“Ni roboti, mzee. Ya kupigana.”

“Kupigana na nani?”

Akaiweka kwenye mizani, akaivalia miwani. “Imepita kidogo. Inyoe.” Nikarudi nyumbani nikatoboa kiunzi matundu mpaka ikapungua. Lakini swali lake halikupungua. Pale mtaani niliuliza kwenye kibanda cha simu, kwa fundi wa redio, hata kwa vijana wanaokaa kwenye ngazi zetu. Walinisikiliza vizuri, kisha mmoja akaniambia, “Buda, tafuta bibi, uoe.” Wakaangua kicheko.

Roboti ilianza kutikisika yenyewe wiki ile ile. Nilikuwa nimeiacha mezani ikiwa imewashwa, nakunywa chai, rimoti iko kitandani. Roboti ikajikokota mbele, ikasimama, ikajikokota tena, ikaanguka sakafuni. Nikajua nimelehemu vibaya. Nikafungua, nikapitia kila kiungo, nikafunga. Kesho yake saa kumi alasiri ikaondoka tena. Mbele, nyuma, kimya, mbele. Nikatoa betri za rimoti yangu nikazitia mfukoni. Ikaenda mbele.

Hivi vigari vya bei ya chini vingi vinatumia masafa yale yale ya redio. Rimoti ya kimoja huendesha kingine. Na mawimbi yake hayafiki mbali. Basi roboti yangu haikuwa mbovu. Kulikuwa na mtu karibu, ndani ya jengo hili au la pili, ameshika rimoti. Na kwa jinsi nilivyokuwa nimetamani, sikuwaza mtoto na kigari chake. Niliwaza mtu kama mimi, ameinamia meza, ana kipande cha bati, hana wa kupigana naye.

Siku iliyofuata niliosha magari mbiombio, nikawahi nyumbani. Saa kumi ilipofika niliibeba roboti kwenye kiganja, tumbo juu, magurudumu hewani, nikatoka nayo. Uani magurudumu yalilala. Kwenye ngazi yakaanza kuzunguka.

“Niaje fundi,” akasema yule kijana aliyeniambia nitafute bibi. “Unatembeza panya?”

“Anatafuta wenzake.”

“Ako na bahati. Wewe je?”

Ghorofa ya tatu magurudumu yalizunguka bila kusita. Yalilia zaidi mbele ya mlango mmoja wenye pazia la maua. Nilinyoosha shati kama mtu aliyekuja kuposa. Nikapiga hodi.

“Nani?” Sauti ya mwanamke, ya umri.

“Jirani wa chini, mama.”

“Sukuma, haujafungwa. Na uuache wazi.”

Alikuwa mama wa umri wa nyanya yangu, amejifunga leso, ameketi kwenye kiti karibu na dirisha. Mkono wake wa kulia ulishika rimoti juu ya paja, kidole gumba kimekaza kwenye kitufe kama kimegandishwa. Sakafuni kigari chekundu kilikuwa kinagonga mguu wa kabati, kinarudi, kinagonga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja kwa sababu ya kelele?”

Nikamweleza kwamba rimoti yake inaendesha roboti yangu, na yangu inaendesha kigari chake. Nilimwonyesha roboti, nikamwambia abonyeze. Alibonyeza, kigari kikaenda na magurudumu kiganjani mwangu yakaenda. Akaangalia kimoja, akaangalia kingine.

“Ni wewe!” akasema. “Mwanangu, unajua nimesoma Ayatul Kursi mara ngapi juu ya hiki kigari? Kinatembea chenyewe mchana kutwa. Nikasema nyumba ina wenyewe. Nasoma, kinasimama. Nikinyamaza, kinaondoka. Kumbe jini lenyewe liko chini linanywa chai!”

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Kisha nikamtazama mkono, naye akaona ninautazama. Alipatwa na kiharusi mwaka uliotangulia, akaniambia. Mwanawe alimnunulia kigari ili vidole vikumbuke kazi. Kila baada ya sala ya alasiri anavilazimisha. “Kubonyeza naweza. Kuachilia ndiyo shida.”

Kwa hiyo hakuwa mpinzani. Nakumbuka nilivyojisikia: kama mtu aliyefika stendi akakuta basi limeondoka. Nilitaka kuaga. Akauliza, “Na hilo jibati la mbele ni la nini?”

“La kumpindua adui.”

“Adui yuko wapi?”

“Sina, mama.”

“Basi iweke chini,” akasema. “Mimi sina kazi.”

Nilishuka nikachukua rimoti yangu, nikairudishia betri, tukakunja mkeka nusu, tukapata uwanja. Haikuwezekana kupigana. Nikibonyeza mbele, zote zinaenda mbele. Akibonyeza nyuma, zote zinarudi. Tukibonyeza pamoja zinatetemeka papo hapo, hazijui zimsikilize nani. Ilibidi kuzielekeza uso kwa uso, halafu mmoja aachilie ndipo mwingine aendeshe. Zikagongana, bati langu likaingia chini ya kigari chake, kikainuka, kikaanguka ubavu.

“Umenipindua mgonjwa!” akapiga kelele. “Huna haya! Kiinue, turudie.”

Zamu yangu ilipofika nilingoja kidole chake kiachilie. Kilichelewa. Nilikiona kikihangaika, kikitetemeka, kisha kikainuka. Tuliinama wote wawili, yeye kutoka kitini, mimi nikiwa nimepiga magoti, tukaangalia gurudumu lililochomoka. Akanionyesha kwa kidole cha mkono mzima: “Pale. Pale pamelegea.” Aliona kabla yangu.

Nilipanda karibu kila alasiri. Chai ilikuwa kwenye thamosi, nilijimiminia na kummiminia. Hakuniuliza kwa nini sijaoa wala kwa nini niliacha shule. Aliniuliza mota inazunguka vipi, na nilipomweleza sumaku na waya akasema nimfungulie moja aone. Nisipopanda, aliniita. Roboti ilikuwa mezani kwangu, daima imewashwa. Ikienda mbele na kurudi, mbele na kurudi, nilijua chai iko tayari. Mwezi niliopanga kuhama ukapita sijafunga mzigo.

Wakati huo ndipo nilipowapata watu wa mjini wanaopiganisha roboti. Wako wachache, wanakutana kwenye ukumbi mmoja na mashine zao, wana sanduku la plastiki angavu. Niliwaandikia, wakanijibu siku hiyo hiyo, karibu sana, ila ile rimoti ya kuchezea hairuhusiwi. Lazima iwe ya aina inayofungamana na mashine moja tu, isimsumbue mwingine. Nilimsomea mama ujumbe.

“Si ndio uliokuwa ukiwatafuta?”

“Ndio.”

“Ukiibadilisha, mimi nitakuitaje?”

“Nina simu, mama.”

“Simu,” akasema, akageukia dirisha.

Nilinunua rimoti mpya pamoja na saketi yake, nikaiacha ndani ya pakiti yake. Nilijiambia bado nasoma jinsi ya kuiunganisha. Ilikuwa imeandikwa wazi kwenye karatasi.

Mwanawe ndiye aliyeamua mambo. Ngazi zilikuwa zimemshinda mama. Hakuwa ametoka nje tangu Ramadhani. Wakampeleka Mombasa kwa binti yake, nyumba ya chini, yenye ua. Nilisaidia kumteremsha na kiti chake, mimi na yule kijana wa bibi, ambaye siku hiyo hakutoa mzaha wowote. Nilidhani ataniachia kigari. Alikuwa amekipakata. “Mkono bado,” akaniambia.

Niliendelea kuiacha roboti imewashwa. Betri inaisha, nachaji, naiwasha. Saa kumi inapita. Juu walihamia watu wenye redio.

Jumamosi moja, kabla ya mkutano wa ukumbini, hatimaye nilipasha moto chuma cha kulehemu na kufungua pakiti. Nilikuwa nimeikamata saketi ya zamani kwa kibano simu ilipolia.

“Mwanangu. Kigari kimetembea leo.”

“Kimetembea vipi?”

“Chenyewe. Mbele, halafu kikapinda. Mimi sijagusa. Nikasema nikuulize kwanza, kabla sijasoma kitu.”

“Si mimi, mama. Mimi niko Umoja.”

“Najua uko Umoja.” Nilisikia kuku na mtu akifua. “Basi kuna mtu hapa karibu.”

“Yuko. Hayuko mbali, labda nyumba ya pili. Mwambie mjukuu akipakate, atembee nacho polepole mpaka magurudumu yalie.”

“Kama ulivyonijia wewe.”

“Hivyo hivyo.”

Akacheka, akaita jina la mjukuu, akasahau kukata simu. Nilisikiliza sauti zikienda uani, zikipungua, mpaka laini ikakatika yenyewe.

Chuma kilikuwa bado moto. Niliyeyusha viungo kimoja kimoja, nikatoa saketi ya zamani, nikaweka mpya, nikaifungamanisha na rimoti kama karatasi ilivyosema. Kisha nikaiwasha na kuiweka katikati ya meza. Redio ya juu ilikuwa inapiga, vijana walikuwa kwenye ngazi. Roboti ilikaa pale pale nilipoiweka, taa yake ndogo ikiwaka, ikiningoja mimi tu.