Nusu ya Alama Zake

Mama wa maabara ya vinasaba hasemi hata neno akiwa mezani, asije akaidondoshea sampuli mate yake. Miaka nenda rudi amepima mate ya watu wa kila pembe, na yake mwenyewe, mpaka anajua alama zipi za vinasaba ni za wengi na zipi ni adimu. Leo mfupa wa maiti asiyejulikana ukatoa alama zake yeye, zile adimu kabisa. "Dada, umepiga domo juu ya kichupa!" mwenzake akacheka. Mama akavua glavu. "Yangekuwa mate yangu zingetoka alama zangu zote, mdogo wangu. Hizi ni nusu, kama za mama na mwanawe." Mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta kazi, na simu yake haipatikani. "Huyo maiti... ni kijana?" Mwenzake akasoma fomu ya maiti, akamvutia kiti.